Barua ya wazi kwa wakuu wa viwanda vya Tanga: ubao wa uzalishaji umwelekee anayeendesha mashine

Kwa wamiliki, mameneja wakuu na wakuu wa uzalishaji wa viwanda vya Tanga, kuanzia Pongwe na Amboni hadi kwenye korona (viwanda vya kuchana mkonge) za Muheza na Korogwe.

YAH: MBAO ZA KUONYESHA UZALISHAJI PAPO KWA PAPO VIWANDANI

Ndugu zetu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mifumo ya kufuatilia uzalishaji inauzwa kwa maonyesho ya kuvutia: skrini kubwa, grafu za rangi, na mkurugenzi aliye Dar es Salaam akiona kwenye simu mashine ipi inazunguka na ipi imekaa. Sisi tunaoandika ni mafundi umeme, mafundi mitambo na wasimamizi wa zamu, na vifaa hivi tunavitaka. Tunachoomba ni kwamba ubao wa kwanza ufungwe mbele ya mtu anayeendesha mashine, uonyeshe namba anazoziamini na umpe njia ya kuita msaada, kabla hamjaweka chochote kwenye simu ya mtu yeyote. Mkianza na simu, mtalipia vifaa vyote, na mifuko na marobota vitabaki idadi ile ile.

Chukueni mfano wa laini ya kufungasha chokaa katika mifuko ya kilo 50. Zamu ni saa 8, yaani dakika 480. Toeni dakika 30 za chakula, zinabaki 450. Mashine ikiwa nzima hujaza mifuko 20 kwa dakika, hivyo zamu ingeweza kutoa mifuko 9,000. Zamu inapofungwa, ghala limepokea mifuko mizuri 6,447. Ile mingine 2,553 imekwenda wapi? Daftari la fundi linasema mashine ilisimama dakika 63, na hizo ni mifuko 1,260. Mifuko 132 ilipasuka au ilikuwa na uzito mbovu. Hapo daftari linaishia, na bado mifuko 1,161 haina maelezo. Hiyo ilipotea huku mashine ikizunguka: wastani ulikuwa mifuko 17 kwa dakika badala ya 20, kwa sababu ya mdomo mmoja wa kujazia uliokuwa umeziba nusu, mkanda uliolegea, na visimamo vya sekunde 20 au 40 ambavyo hakuna anayeshika kalamu kwa ajili yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa iliyoisha bila habari inakaribia kulingana na ile iliyoandikwa.

Wataalamu wa matengenezo huigawa hesabu hiyo sehemu tatu: muda mashine iliofanya kazi (387 kwa 450, sawa na asilimia 86), mwendo (17 kwa 20, asilimia 85) na ubora (6,447 kwa 6,579, asilimia 98). Ukizizidisha unapata asilimia 71.6. Kipimo hiki kilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima, na ni kipimo kizuri cha kikao cha wiki. Msikiweke kwenye ubao wa opereta. Asilimia 71.6 haimwambii mtu aliyeshika mfuko afanye nini dakika hii, tena inaweza kupanda kwa sababu zamu ilikimbiza mashine huku mifuko mibovu ikiongezeka.

Kabla ya kununua kitu chochote cha umeme, anzeni na ubao wa chaki. Tunasema hivi tukijua kwamba sisi wenyewe ndio wenye hamu ya kufunga sensa (vifaa vya kuhisi na kuhesabu). Chagueni mashine moja tu, ile inayobana laini nzima: pale shehena inaporundikana upande wa kuingilia na upande wa kutokea panakuwa peupe. Chora safu nne: saa, lengo, tuliyopata, sababu. Kila saa moja msimamizi au opereta ajaze mstari mmoja. Kwa mfano: saa 2 hadi saa 3, lengo 1,080, tuliyopata 940, mifuko ilichelewa kutoka storu dakika 6, mdomo wa tatu umeziba. Fanyeni hivyo wiki nne. Ubao huo utawapa vitu ambavyo muuzaji hawezi kuwapa: orodha ya sababu halisi kwa maneno ya watu wenu, mwendo ambao laini kweli inauweza, na jibu la swali gumu zaidi, yaani sababu ikishaandikwa kuna mtu anayekuja kuishughulikia au hakuna. Kama ubao wa chaki haukuleta mtu, wa umeme hautamleta.

Angalieni kwamba lengo hapo ni 1,080 kwa saa, sawa na mifuko 18 kwa dakika, na si 20 ya kwenye kitabu cha mashine. Lengo liwekwe kwa mwendo ambao laini imewahi kuushikilia katika saa zake nzuri, kisha lipandishwe kadiri matatizo yanavyoondolewa. Lengo lisilofikika hufanya ubao uwe mwekundu kutwa, na baada ya wiki moja hakuna anayeutazama.

Sasa vifaa. Kwa laini moja ya mifuko vinavyohitajika si vingi: fotoseli (jicho la mwanga linalohesabu kinachopita) mbili za aina ya mtumaji na mpokeaji (moja ya kazi na moja ya akiba storu), PLC (kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo) ndogo yenye viingilio visivyopungua 16, pawasaplai ya volti 24 DC ya ampia 5, ubao wa LED wenye tarakimu za sentimita 10, mnara wa taa wa rangi tatu na king'ora kidogo, kisanduku cha vitufe kumi na kimoja, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya kama kVA 1, na kasha la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa) la kufungia hivyo vyote. Televisheni ya nyumbani isitumike. Haikutengenezwa kuwaka saa 24, matundu yake hunyonya vumbi, na mchana mwanga unaopita kwenye mabati ya kupenyeza nuru huifanya isisomeke.

Fotoseli iwekwe baada ya mahali pa kutolea mifuko mibovu. Ikiwekwa kabla, ubao utahesabu mifuko ambayo ghala halitaipokea, na siku namba ya ubao na ya ghala zitakapogombana, watu wataamini ghala. Kwenye vumbi la chokaa au saruji, aina ya mtumaji na mpokeaji hustahimili kuliko ile inayotegemea kioo cha kurudisha mwanga, lakini nayo lazima ifutwe kila mwanzo wa zamu, na jina la anayeifuta liandikwe kwenye ratiba. Mfuko uliokunjamana unaweza kukata mwanga mara mbili, ukahesabiwa kama mifuko miwili. Dawa yake ni kuiambia PLC ipuuze mkato wowote unaokuja ndani ya sekunde moja baada ya uliotangulia, kwa sababu kwa mifuko 20 kwa dakika nafasi halisi kati ya mfuko na mfuko ni sekunde 3. Kama mnahesabu mizunguko ya chuma kwa sensa ya induktivu ya M18 (inayogundua chuma bila kukigusa), kumbukeni kwamba sensa ya kawaida ya namna hiyo huona chuma umbali wa milimita 5 hadi 8 tu. Mtikisiko ukilegeza brakketi kidogo, hesabu inakufa bila kengele. Fungeni kwa nati mbili na mtie alama ya rangi kwenye nati, ili ikisogea ionekane kwa macho.

Hesabu ifanywe ndani ya PLC yenyewe, kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Kompyuta isome jumla tu. Mifumo inayoiachia kompyuta ihesabu kila mkato kupitia mtandao hupoteza mifuko kila mtandao unapokwama, na hakuna ajuaye imepotea mingapi. Kuna kosa lingine linalojirudia: kaunta ya biti 16 hufika 65,535 kisha hurudi sifuri. Laini yenye uwezo wa mifuko 27,000 kwa siku huufikia mpaka huo siku ya tatu, na ghafla ubao unaonyesha uzalishaji hasi au namba ya ajabu. Tumieni kaunta ya biti 32, au programu ijue kulihesabu zunguko hilo. Mwulizeni muuzaji swali hili kabla ya kusaini. Akijibu bila kusita, anaijua kazi yake.

Kuhusu nyaya, kebo ya sensa iwe na ngao (wavu wa chuma wa kuzuia kelele za umeme), isilazwe kwenye trei moja na kebo za mota, hasa mota zinazoendeshwa na invata (kifaa cha kubadili mwendo wa mota). Acheni nafasi ya sentimita 30, na zikilazimika kukutana zikatishane kwa pembe mraba. Ngao iunganishwe na ardhi upande mmoja. Mawasiliano ya RS-485 (waya wa kubeba data kati ya vifaa) yanaweza kwenda hadi mita 1,200 kwa mwendo mdogo, mradi kebo iwe ya jozi iliyosokotwa, ipite kifaa hadi kifaa bila matawi, na mwisho wa kila upande uwe na rezista ya ohmu 120. Mtandao wa kebo ya kawaida ya kompyuta mwisho wake ni mita 100. Wi-Fi kati ya mashine za chuma na mota kubwa haitabiriki, itumieni ofisini. Kwa viwanda vilivyo karibu na bahari, chumvi ya hewani hula skrubu na viungio: skrubu ziwe za chuma cha pua cha 316, nyaya za shaba iliyopakwa bati, na matundu ya kuingizia kebo yaangalie chini. Kabla msimu wa masika haujafika, wekeni vizuia radi kwenye kila kebo inayotoka jengo moja kwenda jingine.

Ubao ukishafungwa, usiwashwe kwa watu siku hiyo hiyo. Kwa wiki mbili linganisheni hesabu yake na ya ghala kila mwisho wa zamu. Tofauti ikizidi mfuko mmoja kwa kila 200, tafuteni kosa kwanza. Namba ya kwanza ya uongo ambayo opereta ataiona itamfanya asiuamini ubao hata ukija kusema kweli.

Kwenye korona hesabu ni nyingine, na hapa tunaomba mtusikilize zaidi, kwa sababu mkonge umekuwa kazi ya mkoa huu tangu miche ya kwanza ilipoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Robota moja la kilo 250 linameza zaidi ya tani 6 za majani. Kila kilo ya nyuzi inayopotea korona ni kilo 25 za majani zilizokatwa, zikafungwa na kubebwa bure.

Anayesikiliza kwa masikio atasema korona imetembea kutwa. Lakini ngoma (silinda yenye visu inayochana majani) inaweza kuzunguka bila kuchana kitu. Trela likichelewa kutoka shambani, au mafungu yakichelewa kufunguliwa na kupangwa, mkanda hupita mtupu, mota inakula umeme, maji yanamwagika, na kwenye daftari hakuna kilichosimama. Muda huo ndio wa kwanza kupimwa, na kuupima ni rahisi. Pitisheni waya mmoja wa fezi wa mota ya ngoma ndani ya CT (koili ya kupimia mkondo wa umeme). Pimeni ampia ngoma ikiwa tupu na maji yamefunguliwa, kisha pimeni ikiwa inalishwa vizuri. Tuseme tupu ni ampia 60 na yenye majani ni 140: wekeni mpaka kwenye 90, na hali mpya isihesabiwe mpaka idumu sekunde 5, la sivyo ubao utarukaruka kila penye pengo dogo kati ya fungu na fungu. Ubao wa korona uonyeshe dakika za kulishwa, dakika za kuzunguka tupu, na saa ambayo majani yaliyo kwenye trela la sasa yalikatwa. Hiyo ya mwisho haihitaji sensa: mkuu wa wakataji aandike kwa chaki kwenye kibao cha trela, na mpokeaji ainakili. Majani yakilala zaidi ya siku moja hukauka na nyuzi hazisafishiki vizuri, hivyo trela la jana likikaa nyuma ya trela la leo ni kosa linalopaswa kuonekana na kila mtu.

Ampia hazisemi lolote kuhusu ubora. Nafasi kati ya visu vya ngoma na bamba linaloyakandamiza majani ikibana mno, nyuzi hukatwa na kutupwa pamoja na mabaki. Ikiwa pana mno, nyuzi hutoka na nyama ya jani na gredi inashuka. Hapa hakuna sensa ya bei nafuu inayomshinda mtu: kila baada ya saa mbili chukueni kilo 10 za mabaki, zioshwe, nyuzi zilizomo zipimwe kwa mzani mdogo, na namba iandikwe kwa mkono pembeni ya ubao wa umeme. Siku hadi siku, mpandisho wa namba hiyo utaonyesha kwamba nafasi ya visu haiko sawa muda mrefu kabla mnunuzi hajalalamika. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu viwanda hupenda kupima kinachopimika kwa waya na kuacha kile chenye pesa. Na kwa kuwa maji ya mkonge yana asidi, vifaa vilivyo jirani na ngoma viwe vya IP67 (visivyoingiza vumbi wala maji hata vikizama kidogo), na CT ikae ndani ya paneli ya umeme, isikae kwenye mota.

Viwanda vya maziwa vina mambo yao: joto la tenki lisipande juu ya nyuzijoto 4, upasteurishaji (kuua vijidudu kwa joto) wa nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, na vifaa vinavyovumilia kuoshwa kwa maji ya moto yenye nguvu. Humo ubao wa joto na muda wa kusubiri una faida kuliko ubao wa idadi ya pakiti.

Turudi kwenye laini ya mifuko. Huu ndio ubao tunaouomba, wote mzima:

LENGO MPAKA SASA: 3,240
TUMEPATA: 3,015
PUNGUFU: 225
IMESIMAMA DAKIKA 4: HAKUNA MIFUKO

Basi. Lengo lipande dakika kwa dakika, lisiwe namba moja kubwa ya zamu nzima ambayo asubuhi inatisha na jioni imeshachelewa. Wakati wa chakula lengo lisimame pamoja na watu. Programu nyingi husahau hili, na watu wanarudi kutoka kula wakakuta tayari wana deni la mifuko 540. Tarakimu za sentimita 10 zinasomeka vizuri kutoka mita 20. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, ongezeni nusu sentimita kwa kila mita. Ubao ukae juu kidogo ya kichwa, upande ambao opereta anautazama mikono yake ikiwa kazini, na jaribuni kuusoma saa 6 mchana jua likiwa juu ya paa. Rangi pekee isibebe ujumbe, maana wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani. Neno PUNGUFU na mahali pa taa kwenye mnara viseme kitu kile kile. Lugha ya ubao iwe Kiswahili. Na saa iwe ya kwetu.

Hilo la saa lina upande wa kiufundi unaoharibu ripoti nyingi. Zamu ya usiku huanza saa 5 usiku na kuisha saa 1 asubuhi. Programu isiyoelekezwa huikata zamu hiyo saa 6 usiku, ikagawa kazi ya timu moja katika tarehe mbili. Na kama data inahifadhiwa kwenye kompyuta ya nje iliyowekwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), ripoti inarudi nyuma saa 3, hivyo zamu ya asubuhi inaonekana imeanza saa 10 alfajiri na mifuko yake inahesabiwa kwa waliokesha. Elekezeni tangu mwanzo: tarehe ya zamu ni tarehe ambayo zamu ilianza, na saa ni ya Afrika Mashariki.

Sababu za kusimama ziingizwe na opereta kwa kubonyeza kitufe kimoja. Vitufe visizidi kumi, na maneno yatoke kwenye ule ubao wa chaki: hakuna mifuko, hakuna mzigo, mkanda umetoka, mdomo umeziba, umeme umekatika, kusubiri fundi, kubadilisha bidhaa, usafi, mbele kumejaa, nyingine. Kile cha "mbele kumejaa" ni muhimu, kwa sababu mashine inayosimama kwa kuwa forklifti haijaondoa mzigo haina ugonjwa wowote, na fundi atakayeitwa atapoteza muda kuifungua. Mfumo uulize sababu kisimamo kikizidi dakika 2. Vifupi kuliko hivyo uvihesabu wenyewe kimya kimya. Kitufe cha "nyingine" kikizidi kimoja katika kila visimamo kumi, orodha yenu ni mbaya. Ibadilisheni.

Sasa kitufe cha kumi na moja, ambacho kwetu ndicho roho ya mfumo: kitufe cha kuita. Sakichi Toyoda, ambaye jina la ukoo wake ndilo chanzo cha jina la Toyota, alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi unapokatika. Viwanda vya kusokota na kufuma katani vinaelewa haraka faida ya hilo: mtu mmoja anasimamia mitambo mingi kwa sababu mbovu unajitangaza. Kiwanda cha magari kilichofuata kikampa kila mfanyakazi kamba ya kuvuta akiona kasoro. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Opereta akibonyeza, taa ya njano inawaka na namba ya mashine inatokea ubaoni. Msimamizi wa zamu awe amefika ndani ya dakika 2. Dakika 5 zikipita bila kuzimwa, taa inakuwa nyekundu na simu ya fundi wa zamu inalia. Dakika 15, mkuu wa uzalishaji anapata ujumbe. Kwa mpangilio huu kiongozi wa juu anaitwa pale tu walio chini yake wameshindwa. Skrini ya moja kwa moja kwenye simu ya mkurugenzi hufanya kinyume: kila namba inapogeuka nyekundu anapiga simu, na msimamizi anasimama kumweleza mkubwa wakati mashine inamsubiri. Mkurugenzi apate muhtasari wa kila saa. Unatosha.

Kitufe hiki kisichanganywe na kile cha dharura. Kitufe chekundu cha dharura kibaki na waya wake wa moja kwa moja hadi kwenye rilei ya usalama. Kisipite kwenye programu ya ubao, na fundi wa ubao asichomeke kitu chochote ndani ya saketi hiyo. Ishara ya "mashine inazunguka" ichukuliwe kwenye kontakti saidizi ya kontakta (swichi kubwa ya kuwashia mota) au kupitia rilei ndogo ya kutenganisha. Mfumo wa kuonyesha usiwe na uwezo wa kuwasha mashine kutoka mbali. Mtu anaweza kuwa ameingiza mkono ndani. Na PLC isiunganishwe na intaneti uso kwa uso: data itoke kupitia kompyuta nyingine.

Ndugu zetu, kuna jambo moja linaloweza kuua kazi hii yote hata kama nyaya zimefungwa kwa ustadi. Namba za ubao zikitumika kumkata mtu mshahara au kumwandikia barua ya onyo, mtapata namba nzuri na uzalishaji mbaya. Kupitisha mkono mbele ya fotoseli ni kazi ya sekunde moja. Kubonyeza "umeme umekatika" badala ya "nimekosea kuweka mfuko" ni rahisi zaidi. Visimamo vitapotea kwenye ripoti na kubaki kwenye mashine. Kwa hiyo, kabla ya ubao kuwashwa, menejimenti ikae na tawi la chama cha wafanyakazi, kiwe TUICO (cha wafanyakazi wa viwanda na biashara) au TPAWU (cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo), na iandikwe kwamba namba za ubao ni za laini na zamu, hazitaonyesha majina, na hazitatumika kama ushahidi wa nidhamu. Kama mfumo utahifadhi jina au kadi ya mtu, au mtaongeza kamera, basi mmeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wajibu wake ni wenu, hata kama data iko kwa muuzaji.

Badala ya adhabu, wekeni kikao cha dakika 10 mbele ya ubao zamu zinapobadilishana, watu wakiwa wamesimama. Sababu tatu kubwa za zamu iliyopita, nani anashughulikia ipi, na lini itakuwa tayari, viandikwe kwa kalamu pembeni. Zamu mbili zikutane hapo ana kwa ana, maana mengi kuhusu mashine hupotea mlangoni pale wanapopishana bila kusemeshana. Uzito nao uzungumzwe hapo. Mfuko unaozidi gramu 200 haulalamikiwi na mteja, lakini kwa mifuko 6,579 ni zaidi ya kilo 1,300, sawa na mifuko 26 mnayoitoa bure kila zamu. Ukipungua, mtakutana na Wakala wa Vipimo.

Kwenye mkataba na muuzaji tunaomba mambo haya yaandikwe bila kuzungushwa: nywila zote na nakala ya programu ya PLC zikabidhiwe kiwandani siku ya makabidhiano, data iweze kutolewa kama jedwali la kawaida, ubao uendelee kufanya kazi intaneti ikikatika na hata ada ya mwezi ikisimamishwa, na mafundi wawili wa kiwanda washiriki kufunga tangu siku ya kwanza, wakishika bisibisi. Vijana wanaosoma umeme VETA hapa Tanga wana uwezo wa kuutunza mfumo wa namna hii wakionyeshwa michoro. Mfumo unaomhitaji mtu wa kusafiri kutoka mbali kila sensa inapochafuka utazimwa ndani ya mwaka.

Tunaomba kila kiwanda kichague mashine moja inayobana, kianze ubao wa chaki Jumatatu ijayo, na baada ya wiki nne kiitishe kikao cha menejimenti, mafundi na wawakilishi wa wafanyakazi kupitia karatasi za ubao huo kabla ya kuagiza kifaa chochote. Kwenye kikao hicho tuko tayari kuleta michoro ya nyaya, orodha ya vifaa na mpango wa majaribio.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi umeme, mafundi mitambo na wasimamizi wa zamu,
Tanga